Mbao za Hori la Kabula

"Laki nane na nusu, Mzee Ngassa. Sikudai zaidi, sikudai pungufu."

"Sikulipi."

"Hunilipi kwa ubovu gani? Nionyeshe. Boksi limepasuka? Koni ya spika imechanika? Besi inakoroma?"

"Kazi ni nzuri, fundi."

"Sasa?"

Mzee akatazama zizi lake. Ng'ombe walikuwa wanaingia, vumbi limesimama mpaka juu ya bati, na jua la Ivuna lilikuwa limebaki kipande tu. Nilianza kusikia damu yangu masikioni. Mimi nina hasira za karibu. Sifichi.

"Humo ndani uko wewe," akasema. "Mimi sikukuagiza wewe."

Nikacheka. Nilitoka Tunduma alfajiri, nikapanda basi mpaka Kamsamba, nikamalizia kwa bodaboda iliyonibebesha vumbi la nchi nzima, wiki tatu mtu hapokei simu, halafu ananiambia maneno ya mlevi.

"Mzee, nimetoa nauli kuja hapa. Nipe hela yangu au nifungue maboksi yangu niondoke nayo."

"Ingia basi," akasema. "Ukasikie mwenyewe."

Akanionyesha mlango kwa kidevu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila mbao zile hutaelewa kilichonipata.

Mimi ni fundi wa maboksi ya spika. Spika za nyumbani, za mtu anayetaka kukaa kwenye kochi lake asikilize muziki vizuri, si zile za harusini za kupigia kelele mtaa mzima. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuharibu. Nimeharibu mbao nyingi mpaka nikazijua tabia. Plaiwudi ya bei rahisi hutetemeka kama mtu mwenye homa. Paina huimbia puani. Mkaratusi ni mzuri siku ya kwanza, ukishalipwa unapinda. MDF, ubao wa vumbi la mbao, ni bubu lakini mkweli: haiongezi wala haipunguzi. Mninga una sauti ya mtu mzima aliyekwisha kula akashiba. Haya yote namwambia mteja wazi kabla hajatoa shilingi. Ukitaka rahisi nakwambia ni rahisi na litakoroma. Sijawahi kumpaka mtu vanishi ya mninga juu ya paina.

Nina njia yangu ya kupima, hakuna aliyenifundisha. Kabla sijafunga mgongo wa boksi, naingiza kichwa ndani na kusema jina langu mara tatu. Anyelwisye. Anyelwisye. Anyelwisye. Hakuna sauti unayoijua kuliko ya jina lako kinywani mwako. Ubao ukiongeza kitu nasikia. Ukila kitu nasikia. Hapo ndipo najua pa kuweka pamba na pa kuongeza ubao. Miaka kumi na moja nimefanya hivyo, mafundi wenzangu wananicheka, wateja wanarudi.

Mzee Ngassa alinijia mwezi wa tatu na lori. Nilimjua kwa sifa tu: mfugaji, ng'ombe hawana hesabu, mke kafariki mwaka jana. Juu ya lori kulikuwa na hori moja la gogo, refu kama kitanda cha watu wawili, kuta zake nene shibiri moja. Mkurungu. Wazambia wa ng'ambo wanauita mukula, mti ule ukiukata unatoa maji mekundu. Ila huu ulikuwa mkavu siku nyingi, na mistari myeupe ya chumvi imeingia ndani ya nyama ya mti kama mafuta kwenye mbavu. Akanieleza kwamba hori lilitumika kuchujia maji ya chumvi kule Ivuna miaka arobaini.

"Nataka maboksi mawili kwa mti huu," akasema. "Sitaki mti mwingine hata kijiti."

"Chumvi itakula skrubu zangu."

"Tumia za shaba."

"Na ikinyesha yatatoa jasho. Chumvi inavuta maji."

"Yaache yatoe."

Niligonga hori kwa kifundo cha kidole, kama ninavyogonga kila mbao.

Ngo.

Sauti nzito, ndefu, safi. Sijawahi kusikia mbao inayoshika sauti namna ile. Nilitoa mkono. Nikageuka kumwambia mzee bei.

Ngo.

Nikajiambia ni mwangwi wa ukuta wa jirani. Barabara yetu ina malori ya mpakani mchana kutwa, utasikia vitu vingi ukitaka.

Tukakubaliana milioni moja na laki mbili na nusu. Akatanguliza laki nne. Nikampa na ushauri wa chumba, bure: ziba dirisha kwa tofali, tundika ngozi za ng'ombe ukutani, mlango wa chuma uuzungushie mpira ili sauti isivuje, acha tundu moja tu la waya, upana wa dole gumba. Akaniandikisha yote kwenye karatasi ya sigara.

Wakati anapanda lori akageuka. "Fundi. Usiongee sana karibu nayo."

Nikacheka. Nina mdomo, Tunduma nzima inajua. Nilidhani mzee ananitania.

Angesema wazi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mzima, kinywa anacho, angesema wazi.

Nilipasua hori siku nne. Msumeno niliouacha ndani ya mbao nikaenda kula, nilirudi nikaukuta una kutu. Siku ya tano niliunganisha. Siku ya sita niliingiza kichwa ndani ya boksi la kwanza, harufu ya chumvi na ya kitu kama maziwa yaliyolala, nikakohoa, nikasema jina langu mara tatu.

Halikurudi.

Kila boksi hukurudishia kitu. Hili lilinyamaza kabisa, kama nimesemea kwenye mto wa kitanda. Nikasema mti huu ni bubu kuliko MDF. Nikafurahi. Nikafunga mgongo. Lori la mzee likaja kuyachukua maboksi, hela iliyobaki akaahidi kuituma.

Sasa turudi mlangoni.

Niliingia. Chumba kilikuwa kama nilivyoagiza, na nakiri niliona fahari. Ngozi za ng'ombe ukuta mzima, nyeusi, za madoa, za kahawia. Kochi moja katikati. Taa moja ya sola. Maboksi yangu mawili mbele, mekundu kama maini, yamesimama pande mbili za meza ya ampu. Yalikuwa yanatoa jasho. Matone yalikuwa yametelemka mpaka sakafuni na kuacha njia nyeupe.

"Mvua iko karibu," nikasema. "Nilikwambia."

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Sikusikia kishindo, mpira wangu ulifanya kazi yake. Nilisikia komeo tu.

"Mzee?"

Sauti yake ikaja kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. "Mke wangu Kabula alikuwa kwenye hori lile. Jioni nilikuwa naweka sikio, namsikia. Nilitaka nimsikie vizuri, nimekaa. Wewe ukaingia ukamtoa."

"Fungua mlango!"

"Mwite. Mwite Kabula mpaka arudi. Akirudi nakufungulia na nakulipa."

Nilipiga mlango ule teke mpaka kidole kikavimba. Nilimtukana mzee kwa Kiswahili, nikaishiwa, nikamtukana kwa Kindali. Ngozi za ng'ombe zikameza vyote. Mimi ndiye niliyechagua ngozi zile. Mimi ndiye niliyesema dirisha lizibwe. Nilitembea chumba kizima nikitafuta kosa la fundi na fundi hakuwa amekosea popote.

Simu haikuwa na mtandao. Chaji asilimia thelathini na moja.

Nikakaa kwenye kochi.

Kisha mtu akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Kikavu, kifupi, cha mtu aliyevuta vumbi la mbao.

"Anyelwisye," boksi la kushoto likasema.

Ilikuwa sauti yangu. Siyo inayofanana, yangu, na uvivu ule ninaouweka mwisho wa jina nikiwa nimechoka.

"Anyelwisye... Anyelwisye."

Mara tatu.

Mimi siyo mtu wa kukimbilia kusema uchawi. Nilinyanyuka nikaenda kwenye ampu. Ilikuwa imezimwa. Nikasema sawa, kuna simu imefichwa, mzee kanirekodi. Nikachomoa waya ukutani. Nikachomoa waya nyuma ya boksi, mwekundu na mweusi, nikaushika mkononi niuone.

Kikohozi.

"Anyelwisye."

Bisibisi huwa haitoki mfukoni mwangu. Nilipiga magoti nikafungua twita, ile spika ndogo ya juu. Nikaitoa, nikaiweka chini. Nikafungua skrubu nane za koni, za shaba, kila moja ina ukungu wa kijani. Koni ikatoka. Nikaitazama pande zote, koni ya kawaida, niliinunua mwenyewe. Nikaivuta pamba yote ya ndani. Iliyotoka ilikuwa imelowa na nzito kama mnyama aliyechinjwa.

Boksi likabaki tupu. Mbao sita na hewa.

Nikamulika ndani kwa simu. Chumvi imeota kwenye kuta, sindano nyeupe ndogo ndogo, zote zimeelekea kwangu.

"Anyelwisye," ile hewa ikasema usoni pangu. Nilisikia na pumzi yake. Baridi.

Nilirudi nyuma mpaka nikaangukia kochi.

Ndipo nikasikia mwingine. Mnong'ono. Ulitoka ukutani, kwenye tundu la waya.

"Fundi... fundi, sogea."

Nikatambaa. Nikaweka sikio.

"Ni Conjesta. Mtoto wa mzee. Usipaze sauti."

"Mwanangu, nifungulie."

"Komeo lina kufuli, ufunguo anao baba shingoni. Nisikilize. Ulisema jina lako ndani ya hori?"

"Ndiyo ninavyopima."

Akasogea karibu zaidi na tundu.

"Kule chumvini hatuitani majina," akanong'ona. "Tunaitana kwa mluzi. Mabibi wenyeji wa hapa ndivyo walivyotukataza tulipohamia. Chumvi ukiiwekea samaki inamtunza. Ukiiwekea jina inalitunza. Mama alicheka, akasema mambo ya washamba. Akainama kwenye hori akajiita. Kabula, Kabula. Tulicheka wote. Wiki ile ile tukamzika."

"Mbona baba yako hakuniambia?"

"Angekwambia ungekubali?"

Jibu analijua.

"Na anayesikika ni mama yako kweli?"

"Baba anasema ni mama." Mnong'ono ukapungua mpaka ukawa pumzi tu. "Mimi nimemsikia mama miaka ishirini na miwili, fundi. Yule si mama. Anajua tu sauti yake."

Nikabana mdomo kwenye tundu.

"Nifanyeje?"

"Ukiitwa humo, usiitike. Hata kwa kuguna. Linahifadhi mmoja tu. Ukiitika unalifungulia, na atakayetoka... Baba anakuja. Usiitike!"

Tundu likawa kimya.

Nikarudi kochini. Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, kazi rahisi: kukaa kimya. Mtoto mdogo anaweza.

Taa ya sola ikaanza kupungua. Nje ngurumo ilipita mbali, juu ya Rukwa, na mbao zikazidi kutoa jasho. Sasa nilisikia matone yakidondoka. To. To. Harufu ya chumvi ikanikaa kooni mpaka ulimi ukawa kama ngozi.

"Anyelwisye."

Nikatazama sakafu.

"Anyelwisye."

Nikawaza hela yangu. Laki nane na nusu. Laki tatu ni deni la koni, laki mbili ada ya mwanangu, iliyobaki ni msumeno mpya badala ya ule ulioliwa na chumvi yao.

"Anyelwisye... kazi yako mbovu."

Nikainua kichwa.

Haikuwahi kusema kitu kingine. Siku ile karakanani nilisema jina tu. Jina mara tatu, basi.

"Boksi linakoroma," sauti yangu ikasema, taratibu, kwa upole ambao mimi sina. "Umempaka mzee wa watu vanishi juu ya paina. Mwizi wewe, Anyelwisye."

Unaweza kuniita mchafu. Niite mjinga, sina cheti cha mtu yeyote. Lakini mwizi...

Nilisimama. Sikufikiri. Yaani kama mtu angeniacha nihesabu mpaka tatu nisingesema. Sikuhesabu.

"Nani mwizi?" nikapiga kelele. "Niko hapa! Unataka nini?"

Nikasikia nilichofanya baada ya kukifanya.

Matone yakasimama. Taa ikazima. Kwenye giza lile, pale lilipokuwa boksi, mbao ikagongwa kwa kifundo cha kidole, kwa namna yangu.

Ngo.

Kutokea ndani.

Kisha vitu vikaanza kuanguka sakafuni, vyepesi, vingi, kama mtu anamwaga punje. Chumvi. Halafu uzito. Kochi likabonyea upande wa pili. Niliusikia mto ukitoa hewa. Mtu amekaa.

Sikuthubutu kunyoosha mkono. Mpaka leo nashukuru sikunyoosha mkono.

Nilikimbilia mlangoni nikaupiga kwa ngumi zote. "Nifungulie! Mzee, nifungulie!"

"Nifungulie, mzee," sauti yangu ikasema begani kwangu. "Nifungulie tafadhali."

Kule nje, komeo likaguswa likaachwa.

"Fundi?" Mzee Ngassa. Sasa alikuwa karibu na mlango, nilimsikia akihema. "Mko wangapi humo?"

"Niko peke yangu!"

"Niko peke yangu," ikasema.

Mvua ikaanza kwenye bati.

"Kila mmoja ataje jina lake," mzee akasema. "Nijue namfungulia nani."

Nilifungua mdomo.

Sijui niliandikeje hili. Nilijua kwamba nina jina. Nilijua lina silabi ngapi, nilijua baba yangu alilichagua kule Mbebe mimi nikiwa na siku saba. Nilisukuma pumzi, ulimi ukaenda mahali pake, na hapakuwa na kitu. Chumvi tu. Mdomo wote chumvi, mpaka machozi yakanitoka.

Begani kwangu mtu akakohoa, kikohozi kikavu, kifupi.

"Anyelwisye," akasema.

Komeo likafunguliwa.

Taa ya kibatari, uso wa mzee, mvua nyuma yake. Hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu kidogo, urefu uleule wa kwangu, akanyoosha mkono wa kusalimia.

"Pole, fundi," akamwambia. "Pole sana. Karibu nje."

Nikapita chini ya kwapa lake. Sikugeuka. Conjesta alikuwa amesimama kwenye ukumbi na ufagio. Alinitazama mimi. Kisha akatazama mlangoni nilikotoka. Kisha akanitazama tena mimi, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, na ufagio ukaanguka.

Nilikimbia kwenye mvua mpaka senta. Nililala kibarazani mwa duka la mtu, na asubuhi nikapanda basi la kwanza.

Mchana nilifika Tunduma. Gwantwa, mke wangu, alikuwa anaanika nguo. Aliniona getini, uso ukafunguka, mdomo wake ukatamka kitu.

Sikusikia.

Malori nilisikia. Redio ya jirani nilisikia. Akakaribia, akatamka tena, midomo ikaenda ilivyozoea kwenda anaponiita, na katikati ya sauti yake palikuwa na shimo.

"Mbona huitiki?" akasema. Hilo nililisikia vizuri. "Nakuita huitiki. Na unanuka chumvi. Ulilala wapi?"

Nikampigia mzee simu hapo hapo, viatu havijatoka. Akapokea mara ya kwanza. Furaha ilikuwa inammwagika.

"Fundi! Umefika salama?"

"Hela yangu, mzee. Kwa yote uliyonitendea sitakushtaki. Nipe hela yangu."

"Hela ipi?"

"Laki nane na nusu!"

"Fundi, si nimekupa jana? Ulipotoka nikakukaribisha chai, nikakuhesabia mkononi. Wewe mwenyewe ukahesabu tena mara mbili. Ukanishukuru. Mpaka nikashangaa, fundi yule mwenye hasira leo mpole namna hii."

"Nilitoka nikakimbia. Sikunywa chai yako."

"Ulikunywa vikombe vitatu. Bila sukari, ukaomba chumvi." Akacheka, mara akashusha sauti kama anaambia siri. "Na nafasi imepatikana maboksini. Saa nne usiku ameanza kuniita tena. Kabula. Nimekaa naye mpaka alfajiri. Anasema niitike, mimi nasubiri kidogo, namfaidi kwanza."

Nyuma yake nilimsikia Conjesta akilia.

Nilimwambia asiitike. Haya nayaandika ili ijulikane kwamba nilimwambia. Nilimwambia mara tano. Akakata simu.

Ni miezi miwili sasa. Daktari alinimulika masikio akasema ni mazima. Fundi mwenzangu mmoja anasema nilivuta moshi wa betri ya sola kwenye chumba kisicho na hewa, nikaota. Inawezekana. Mbao yenye chumvi kutoa jasho, hilo nimelieleza, halina uchawi. Koo langu kukauka, chumvi. Hayo ninayoweza kuyaeleza nimeyaeleza.

Lakini mvua ikikaribia, kabla ya wingu, viganja vyangu vinatoa maji. Yakikauka vinabaki vyeupe. Gwantwa ameacha kunishika mkono.

Na wiki iliyopita alikuja mteja kutoka Hasamba na boksi la mninga la kurekebishwa. Kazi safi. Nilitafuta kosa nikakosa. Nikamuuliza kalitengeneza nani. Akasema kuna fundi kafungua Vwawa, mpole sana, hapandishi sauti, anakwambia anaitwa... na hapo midomo yake ikaenda na sauti ikapotea.

"Ila ana kituko," akasema. "Hapimi kwa kusema kitu. Anaingiza kichwa ndani ya boksi na kusikiliza tu."

Nimefikiri yote unayoweza kufikiri wewe unayesoma. Nimefikiri kwamba mlango ulifunguka mara moja, akatoka aliyeweza kutaja jina lake, akalipwa. Usiku mwingine najilamba mkono, naonja, halafu naamka kutafuta kwenye mwanga kovu la randa kwenye dole gumba langu. Lipo. Kila mara nalikuta lipo.

Kwa hiyo sibishani juu ya nani ni nani. Mimi ndiye niliyepasua lile hori siku nne. Msumeno wangu ndio ulioliwa. Mikono iliyofanya kazi ni hii, na mikono hii haijashika shilingi. Mzee, uliyempa chai ni shauri lako na yeye.

Mzee Ngassa, kama bado hujaitika, na kama kuna mtu wa kukusomea: njoo Tunduma mwenyewe. Usiniite ukifika. Gonga mbao yoyote iliyo karibu, nitatoka.

Uje na laki nane na nusu yangu.